Vihatarishi vya kampuni ya silaha: kusoma ripoti za miaka ishirini bila kudanganywa na maneno yanayojirudia

Swali: Nasomea uhasibu Dar es Salaam. Tumepewa kazi ya kuchagua kampuni moja kubwa inayoliuzia jeshi la Marekani, kisha tueleze vihatarishi vyake vya kibiashara vimebadilika vipi kwa miaka kumi au zaidi. Nimefungua ripoti nne za mwaka za Lockheed Martin na naona kama zimenakiliwa: vichwa vilevile, sentensi zilezile. Nitazame nini, na nitajuaje kwamba badiliko lina maana?

Jibu: Ndugu msomaji, hujakosea, zimenakiliwa, tena kwa makusudi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1995 kuhusu kesi za wenye hisa inaikinga kampuni inayotoa utabiri, mradi utabiri huo uandamane na tahadhari zenye uzito. Wanasheria wakishapata tahadhari iliyovuka mwaka salama, hawaigusi tena. Wakiifuta leo na jambo lenyewe likatokea kesho, wataulizwa mahakamani kwa nini waliiondoa. Kwa hiyo orodha huongezeka kirahisi na hupungua kwa taabu. Ukilinganisha orodha na orodha peke yake utapata kurasa nyingi na majibu machache.

Iache orodha kama orodha, ufuatilie kihatarishi kimoja kimoja kinavyosafiri. Katika kampuni za ulinzi safari hiyo ina vituo vinavyojulikana. Kihatarishi huanza kama jambo linaloweza kutokea kwa mkataba wowote, kisha hutajwa pamoja na mradi fulani, kisha hupewa kiasi cha fedha, na mwisho huingia kwenye hesabu kama hasara. Vituo viwili vya katikati ndivyo vyenye thamani kwa msomaji, na mara nyingi haviko ndani ya sehemu inayoitwa ya vihatarishi. Viko kwenye maelezo ya uongozi au kwenye tanbihi za hesabu, mahali ambapo wanaotafuta orodha hawafiki.

Karatasi zenyewe

Ripoti zote ziko EDGAR, hifadhidata ya SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa na dhamana Marekani. Kusoma ni bure na hakuhitaji akaunti. Namba ya Lockheed Martin humo ni 936468. Ya Northrop Grumman, ambayo nakushauri uitumie kama kampuni ya kulinganishia, ni 1133421. Chuja fomu ya 10-K, ambayo ndiyo ripoti ya mwaka, na uanze na ya mwaka wa fedha 2005. Hapo ndipo SEC ilipoanza kudai sehemu maalumu ya vihatarishi, Kipengele 1A. Kwenye ripoti za nyuma ya hapo tahadhari zimetawanyika, na kuzilinganisha na za baadaye ni kupoteza muda.

Mwaka wa Lockheed unaishia tarehe 31 Desemba na ripoti hutoka mwanzoni mwa mwaka unaofuata, kwa miaka ya karibuni mwishoni mwa Januari. Maana yake ripoti ya 2023 imeandikwa Januari 2024 na inaweza kubeba habari za wiki hizo. Weka safu mbili katika lahajedwali lako, mwaka unaoripotiwa na siku ripoti ilipowasilishwa. Anayezichanganya huishia kuisifu kampuni kwa kutabiri jambo lililokwisha kutokea.

Kata maandishi kuanzia "Item 1A" hadi "Item 1B". Angalia usikate kwenye ukurasa wa yaliyomo, kwani maneno hayohayo yako huko pia. Ondoa namba za kurasa na vichwa vya juu vinavyojirudia, na geuza alama za nukuu zilizopinda kuwa nyofu, kwa sababu programu ya kulinganisha huhesabu nukuu iliyopinda na iliyonyooka kuwa maneno mawili tofauti na kukupa mabadiliko ambayo hayapo. Kisha tumia amri ya kulinganisha hati iliyomo ndani ya Word au LibreOffice. Ukiandika programu ya kupakua ripoti kwa wingi, SEC inataka ujitambulishe na usizidishe maombi 10 kwa sekunde.

Usiziache 10-Q, yaani ripoti za robo mwaka. Sehemu ya Pili ya fomu hiyo nayo ina Kipengele 1A, na kinachodaiwa pale ni mabadiliko makubwa tu tangu 10-K iliyotangulia. Robo nyingi utakuta sentensi moja inayosema hakuna jipya. Robo utakayokuta aya kadhaa ndiyo ya kukaa nayo.

Mabadiliko ya uongo

Ukichora grafu ya mabadiliko ya maneno mwaka kwa mwaka, ripoti za mwaka 2020 zinaweza kuchomoza kuliko zote kwa sababu isiyohusu biashara. Tarehe 9 Novemba 2020 kanuni mpya za SEC zilianza kutumika. Vihatarishi vipangwe chini ya vichwa vinavyohusiana. Vile vya jumla, ambavyo kampuni yoyote ingeweza kuviandika, visogezwe mwisho chini ya kichwa chake. Sehemu ikizidi kurasa 15, iandikiwe muhtasari usiozidi kurasa 2. Kigezo cha nini kitajwe nacho kilibadilishwa, kutoka vihatarishi vizito zaidi hadi vile vinavyoweza kugusa uamuzi wa mwekezaji. Makampuni yakapanga upya aya zilezile. Mbaya zaidi, mwaka huohuo ndio uliokuja na Uviko-19, kwa hiyo badiliko la kweli na la mpangilio yamelaliana. Dawa yake ni kuvunja maandishi aya kwa aya na kuitafutia kila aya mwenzake wa mwaka uliotangulia popote ulipo, bila kujali nafasi yake.

Mtego wa pili ni muungano wa makampuni. Mtu akifuatilia RTX, kampuni nyingine kubwa ya ulinzi, kurudi nyuma kwa namba yake ya EDGAR, 101829, akivuka Aprili 2020 atajikuta anasoma vihatarishi vya lifti na viyoyozi. Namba hiyo ni ya United Technologies, iliyokuwa na Otis na Carrier kabla ya kuungana na Raytheon. Kwa Lockheed, kumbuka tarehe mbili: Novemba 2015 ilipoinunua Sikorsky, kampuni ya helikopta, kwa dola bilioni 9, na Agosti 2016 ilipoachana na biashara yake ya mifumo ya habari na huduma, iliyokwenda kwa kampuni ya Leidos. Baadhi ya aya zimeingia na kutoka kwa sababu hizo tu.

Bajeti: kihatarishi cha kudumu kinachobadili sura

Katika mauzo ya Lockheed ya mwaka 2023, asilimia 73 yalikwenda kwa serikali ya Marekani, na asilimia 64 ya mauzo yote yalikuwa ya Wizara ya Ulinzi peke yake. Mwaka 2024 ni asilimia 73 tena. Kampuni ya namna hii haiwezi kuondoa kihatarishi cha bajeti, kwa hiyo usipoteze muda kushangaa kwamba kipo. Tazama utaratibu gani wa bajeti unatajwa.

Baada ya sheria ya kudhibiti bajeti ya Agosti 2011, kilichotawala ni makato ya lazima yaliyoanza tarehe 1 Machi 2013. Hofu haikuwa ya karatasi tu: mwaka 2012 aliyekuwa mkuu wa Lockheed, Robert Stevens, alisema hadharani kwamba kampuni ingeweza kulazimika kuwapa wafanyakazi wake wote, kama 123,000, barua za tahadhari ya kupunguzwa kazi. Makato yale yalipunguzwa makali na mikataba ya Bunge iliyofuata, na mahali pake pakachukuliwa na bajeti za muda, ukomo wa deni la taifa, na serikali kufungwa. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalioni. Serikali ilifungwa kwa siku 35 kati ya Desemba 2018 na Januari 2019, lakini fedha za Wizara ya Ulinzi za mwaka ule zilikuwa zimekwisha kupitishwa. Mwaka 2013 hazikuwa zimepitishwa, na mwaka 2025, ilipofungwa kwa siku 43, hazikuwa pia. Urefu wa kufungwa kwa serikali haukwambii chochote mpaka ujue ni bajeti ipi iliyokwama.

Aya za bajeti zisome haraka. Zina maneno mengi kuliko habari.

F-35: asilimia ya kufuatilia

Mpango wa ndege ya kivita ya F-35 ulikuwa takribani asilimia 17 ya mauzo ya Lockheed mwaka 2014, ukafika 27 mwaka 2018, na mwaka 2024 ulikuwa 26. Andika asilimia hiyo kila mwaka katika safu yake, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha kihatarishi kilivyokua hata pale aya ilipobaki ileile. Sentensi inayosema kampuni inategemea mpango mmoja ina uzito mwingine kabisa mpango huo unapotoka kwenye sita moja ya mauzo hadi zaidi ya robo.

Ndani ya mpango huo vihatarishi vimepokezana zamu. Zamani maswali yalikuwa ya maendeleo na gharama za kujenga. Mwaka 2019 ikaja Uturuki: Julai iliondolewa kwenye mpango baada ya kupokea makombora ya Urusi ya S-400. Ilikuwa imepanga kununua ndege 100, na viwanda vyake vilitengeneza zaidi ya vipuri 900 vya ndege hiyo, kwa hiyo kampuni ilipoteza soko na wauzaji wa vipuri kwa pigo moja. Septemba 2022 upokeaji wa ndege ulisimamishwa kwa muda kwa sababu ya sumaku katika pampu moja iliyokuwa na aloi kutoka China. Kuanzia Julai 2023 Wizara ya Ulinzi ilikataa kupokea ndege zenye vifaa vipya vya kompyuta, viitwavyo TR-3, kwa kuwa programu yake haikuwa tayari. Ndege zilitengenezwa na kuegeshwa kwa mwaka mzima, mpaka zilipoanza kupokelewa tena Julai 2024.

Mhasibu anapaswa kuona tofauti ya aina katika matukio hayo. La Uturuki lilihusu uamuzi wa serikali mbili, la sumaku lilihusu mnyororo wa ugavi, na la TR-3 lilihusu fedha taslimu, kwa sababu sehemu ya malipo husubiri ndege ipokelewe huku gharama za kuijenga zimekwisha kulipwa. Athari ya tatu utaiona kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha na kwenye mali za mkataba kabla ya kuiona kwenye faida.

Hasara iliyonunuliwa pamoja na kampuni

Ukichagua kihatarishi kimoja tu cha kueleza kwa kina, chagua helikopta za Kanada.

Mwaka 2004 Sikorsky ilitia saini mkataba wa kuipa Kanada helikopta 28 za baharini, CH-148 Cyclone. Ulikuwa mradi wa kubuni kitu kipya kwa bei iliyokwisha kukubaliwa, na ulichelewa kwa miaka. Lockheed ilipoinunua Sikorsky mwaka 2015 iliununua na mkataba huo. Kuanzia hapo mradi ukaanza kutajwa kwenye ripoti zake: madai ya mteja, mazungumzo ya kurekebisha masharti, uwezekano wa hasara. Msomaji wa haraka angezichukulia kama sentensi za kujaza ukurasa. Katika robo ya pili ya mwaka 2025 Lockheed iliandika hasara ya dola milioni 570 kwa mradi huo mmoja, miaka 21 baada ya saini ambayo yenyewe haikuweka.

Robo hiyohiyo iliandika dola milioni 95 kwa helikopta za Uturuki, mkataba mwingine wa Sikorsky, wa mwaka 2014. Huu uliumizwa na vikwazo ambavyo Marekani ililiwekea shirika la ununuzi wa silaha la Uturuki Desemba 2020. Unganisha nyuzi: S-400 ilileta kuondolewa kwenye F-35, ikaleta pia vikwazo, na vikwazo vikaubana mkataba wa helikopta usiohusiana na F-35 hata kidogo. Kwenye orodha hivyo ni vihatarishi viwili au vitatu tofauti. Chanzo ni kimoja. Jedwali lako liwe na safu ya chanzo, la sivyo utavihesabu mara tatu.

Kwa nini hasara huja kwa mkupuo

Hapa pana kanuni ya kihasibu ambayo bila yake mabadiliko haya hayaeleweki. Kuna mikataba ambayo serikali hurudisha gharama na kuongeza ada, na kuna mikataba ya bei isiyobadilika. Katika ya kwanza, gharama zikipanda faida ya mkandarasi hupungua lakini hasara ni nadra. Katika ya pili, kila dola ya ziada ni yake. Na pale inapoonekana dhahiri kwamba gharama zote za mkataba zitazidi mapato yake yote, kanuni za Marekani zinataka hasara nzima iandikwe robo ileile, hata kama kazi itaendelea miaka mitano mbele. Hivyo mkataba unaweza kuonekana mzima robo tisa na kudondoka ya kumi.

Kabla ya hapo kuna ngazi ya kati. Hasara ikiwa bado haijawa ya kutarajiwa zaidi ya kutotarajiwa, lakini uwezekano wake si mdogo, kampuni hutakiwa kuieleza na kutoa kadirio au mipaka yake, au iseme kwamba haiwezi kukadiria. Hiyo ndiyo sentensi ya kuwinda.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Northrop Grumman na ndege ya B-21. Kazi ya kuibuni ililipwa kwa kurudishiwa gharama, lakini makundi matano ya kwanza ya uzalishaji, jumla ndege 21, yaliwekewa bei mapema, mkataba ulipotolewa mwaka 2015. Kisha mfumuko wa bei wa 2021 na 2022 ukaja. Katika ripoti ya mwaka 2022, iliyotoka Januari 2023, Northrop ilisema kuna uwezekano wa hasara katika makundi hayo na ikaweka mipaka: kati ya sifuri na dola bilioni 1.2. Kumbuka kwamba kihatarishi cha jumla kuhusu mikataba ya bei isiyobadilika kilikuwa kimeandikwa miaka yote. Kilichokuwa kipya ni mipaka ile. Ndege iliruka mara ya kwanza Novemba 2023, na Januari 2024 kampuni ikatangaza hasara ya dola bilioni 1.56 kabla ya kodi. Ilizidi mpaka wa juu wa mwaka mmoja uliotangulia. Robo ya kwanza ya 2025 ikaongeza milioni 477, safari hii kwa mabadiliko ya namna ya kuzalisha na bei ya vifaa.

Kwa hiyo mipaka inayotolewa isome kama ishara ya kituo kihatarishi kilipofika. Usiichukulie kama kipimo cha hasara itakayokuja.

Boeing ilitangulia njia hiyo na KC-46, ndege ya kuzijaza ndege nyingine mafuta angani, ambayo ilishinda zabuni yake mwaka 2011 kwa bei yenye kikomo. Hasara zake zimevuka dola bilioni 7. Viongozi wa makampuni mengine ya ulinzi walianza baadaye kusema wazi kwamba hawatazabuni tena kazi za kubuni kwa bei isiyobadilika, na ukitafuta badiliko la mkakati linaloandamana na badiliko la kihatarishi, hilo ni moja zuri.

Miradi isiyotajwa jina

Ugumu wa kampuni za ulinzi ni kwamba baadhi ya miradi ni ya siri, na ripoti haiwezi kuitaja. Inafuatilika hata hivyo. Tafuta neno "classified" katika ripoti nzima na uandike kila mara kitengo kinachotajwa karibu nalo na kiasi.

Kwa kitengo cha ndege cha Lockheed utapata mfululizo huu: robo ya pili ya 2021, hasara ya dola milioni 225 katika mradi mmoja wa siri; mwaka 2024, milioni 555, ambazo milioni 410 zake ziliandikwa robo ya nne; robo ya pili ya 2025, milioni 950. Kitengo cha makombora kiliandika bilioni 1.3 katika robo ya nne ya 2024, kwa mkataba mwingine wa siri ambao uongozi ulikuwa umetahadharisha mapema kwamba ungepita kwenye hasara kabla ya kulipa. Jumla ya miradi ya siri kwa mwaka mzima wa 2024, pamoja na hasara ndogo za kitengo hicho katika robo za mwanzo, ilikuwa dola bilioni 2.0.

Uamuzi wangu: kihatarishi kilichokwisha kuandikiwa hasara mara moja hakijafungwa. Hasara ya kwanza ni makadirio ya watu walewale waliokosea makadirio ya mwanzo. Ukiona kampuni imeandika milioni 225 na mwaka unaofuata haisemi neno, usikiondoe kwenye jedwali, kipe hali ya "wazi".

Vilivyokuja na kupita, na vilivyokuja vikakaa

Amri ya Rais wa Marekani ya Septemba 2021 iliyowataka wafanyakazi wa wakandarasi wa serikali wachanjwe Uviko-19 ilizua hofu ya kupoteza mafundi. Mahakama iliizuia Desemba mwaka huohuo, ikafutwa Mei 2023. Kihatarishi cha namna hiyo kinastahili mstari mmoja.

Mashambulizi ya mtandao yamekaa. Lockheed ilivamiwa Mei 2011. Oktoba mwaka huo watumishi wa SEC wakatoa mwongozo wa kwanza kuhusu namna ya kuyaeleza, Tume yenyewe ikatoa wake 2018, na kanuni kamili ikaja 2023. Tangu ripoti za mwaka 2023 kuna Kipengele 1C cha usalama wa mtandao, na tukio zito hutangazwa ndani ya siku 4 za kazi tangu kampuni iamue kwamba ni zito. Kwa hiyo ukiona maneno kuhusu mtandao yamepungua katika 1A baada ya 2023, angalia kwanza kama yamehamia 1C. Juu ya hayo Wizara ya Ulinzi ina masharti yake: mkandarasi hutakiwa kuripoti tukio ndani ya saa 72 na kutimiza vidhibiti 110 vya usalama, na tangu Novemba 2025 matakwa ya uthibitisho yameanza kuingizwa kwenye mikataba kwa awamu. Kihatarishi kimehama kutoka kuibiwa siri hadi kunyimwa zabuni.

China nayo imekaa. Lockheed iliwekwa kwenye orodha ya China ya makampuni yasiyoaminika Februari 2023 kwa sababu ya mauzo ya silaha kwa Taiwan. Kwa kuwa haiuzi sana China, wengi walilipuuza. Lakini Desemba 2024 China ilipiga marufuku kuiuzia Marekani galiamu, jemaniamu na antimoni, na Aprili 2025 ikaweka udhibiti wa vibali kwa aina saba za madini adimu. Swali likahama kutoka kwa wanunuzi hadi kwa malighafi.

Usalama wa wafanyakazi walio nje ni kihatarishi ambacho wachambuzi wengi hukiruka, na msomaji wa Pwani ana sababu ya kutokiruka. Tarehe 5 Januari 2020 Al-Shabaab walishambulia uwanja wa ndege wa Manda Bay, Lamu, wakaua askari mmoja wa Marekani na wakandarasi wawili wa kampuni ya L3 Technologies. Katika hesabu za kampuni ya ukubwa ule tukio kama hilo halionekani. Ukipima kihatarishi kwa fedha tu, hiki hutakiona kamwe.

"Huenda" iliyochelewa

Kosa ambalo SEC na mahakama hulifuata ni kueleza kama jambo la kufikirika kitu kilichokwisha kutokea. Mwaka 2019 kampuni ya dawa ya Mylan ilikubali kulipa dola milioni 30, na Facebook milioni 100, kwa makosa ya namna hiyo miongoni mwa mengine. Kesi ya wenye hisa dhidi ya Facebook ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo Novemba 2024 iliiondoa bila kuiamua, hivyo hukumu ya mahakama ya rufani iliyowapa wenye hisa nafasi ya kuendelea ikabaki.

Kwa kazi yako, hii inakupa jaribio la vitendo. Katika kila aya ya 1A weka alama kwenye "could" na "may", kisha kwenye "has", "have" na "experienced". Halafu fungua tanbihi za hesabu za ripoti hiyohiyo. Aya ikiwa bado inasema huenda, na tanbihi inaonyesha hasara, eleza pengo hilo. Aya ikigeuka kutoka hali ya kwanza hadi ya pili kati ya miaka miwili, hilo ndilo badiliko halisi, hata kama ni maneno matatu kati ya elfu kumi. Programu inayopima mfanano wa maandishi itakupa alama karibu na moja na utaamini hakuna kilichotokea.

Jedwali lako basi liwe na safu hizi: kihatarishi, chanzo, mwaka kilipotajwa mara ya kwanza, mradi kinaoungana nao, aina ya mkataba, kauli yake, ya huenda au ya kilichotokea, kiasi au mipaka iliyotolewa, ukurasa, na hali, wazi au kimefungwa. Chukua vihatarishi vinane au kumi, usichukue hamsini. Vya bajeti viwe viwili, vilivyobaki viwe vya miradi. Kwa kila kimoja soma 10-K zote, kisha 10-Q za miaka ambayo kauli ilibadilika tu, la sivyo hutamaliza kabla ya mtihani.

Na ukikuta kihatarishi kimefutwa kabisa, anza kwa kutafuta kama kampuni imeuza kitengo hicho au mkataba umekwisha. Kama hakuna hata moja kati ya hayo, kitafute kwa maneno mengine chini ya kichwa kipya. Ukikikosa na huko, kiweke juu kabisa ya kazi yako, kwa sababu wanasheria wa kampuni hizi hawafuti kitu bila mtu wa juu kuamua.